Chavua Imetoka Mmea Gani? Majibu kwa Wasomaji wa Mtwara na Lindi

Barua nyingi tulizopokea safari hii zimetoka kusini. Ziwe za ufuta, za korosho au za minazi, karibu zote zinagusa jambo moja: mbegu imezaliwa na mmea mmoja au miwili? Mkulima akilijua hilo kwa kila zao lake, atajua pia mbegu ipi ya kuweka akiba, shamba lipi la kulitenga, na saa ipi pampu ya dawa ikae chini.

MWANAFUNZI WA KIDATO CHA TATU, NEWALA
Shikamooni. Tunabishana darasani. Mimi nasema uchavushaji binafsi ni chavua (unga wa kiume wa ua) kutua kwenye stigma (ncha ya sehemu ya kike inayopokea chavua) ya ua lilelile, na ikienda ua jingine lolote ni uchavushaji mtambuka. Rafiki yangu anasema sivyo. Mmea wa maboga una maua ya kiume na ya kike mbalimbali kwenye mmea mmoja. Nyuki akitoa chavua ua la kiume akaipeleka la kike la mmea huohuo, tuuite nini?

Jibu: Marahaba. Rafiki yako yuko sahihi. Kinachoamua ni mmea, si ua. Chavua ikitoka kwenye chavulio (kifuko cha chavua) ikatua kwenye stigma ya ua lilelile, au ya ua jingine la mmea uleule, huo ni uchavushaji binafsi, kwa sababu baba na mama wa mbegu ni mmea mmoja na vinasaba vyao ni vilevile. Uchavushaji mtambuka huanza pale chavua inapotoka kwenye mmea mmoja na kutua kwenye stigma ya mmea mwingine wa spishi ileile. Kwa hiyo nyuki wa boga ulilolitaja amefanya uchavushaji binafsi, japo chavua imebebwa hewani mita mbili.

Ongeza hili, maana watahini hulipenda na wakulima hulisahau: mimea miwili iliyotokana na vipande vya shina moja huhesabiwa kuwa mmea mmoja. Mihogo ishirini iliyopandwa kwa pingili za shina moja ina vinasaba vya aina moja. Chavua ikitoka mmoja kwenda mwingine, mbegu itakayopatikana haina tofauti na ya uchavushaji binafsi.

Mimea ina njia zake za kuelekea upande mmoja au mwingine. Karanga, kunde na mpunga huelekea ubinafsi: chavulio hupasuka karibu na stigma ya ua lilelile, mara nyingi kabla ua halijafunguka vizuri, hivyo mdudu akifika kazi imekwisha. Ua la karanga hufunguka alfajiri na kunyauka siku hiyohiyo. Baada ya hapo kijishina chenye ovari (kifuko cha mbegu changa) nchani hujipinda na kuingia udongoni, na huko ndiko karanga inakokua. Ndiyo maana palizi ya jembe la kina haifai tena karanga zikishatoa maua. Unakata vijishina hivyo na kukata mavuno.

Upande wa mtambuka, mipapai mingi hutenga jinsi kabisa, dume mti wake na jike mti wake. Mahindi na minazi mirefu hutenga muda: chavua hutoka kabla sehemu za kike hazijawa tayari. Mimea mingine, kama pasheni ya njano tutakayoijibu hapa chini, huikataa chavua yake yenyewe hata ikiwekwa kwa mkono juu ya stigma.

Faida zake hazifanani. Uchavushaji binafsi huhakikisha mbegu hata pasipo na nyuki wala upepo, na watoto hufanana na mama. Gharama yake ni kwamba kasoro zilizojificha katika vinasaba hukutana na kujitokeza. Mazao yaliyozoea ubinafsi kwa vizazi vingi, kama karanga, hayaumii, maana kasoro hizo zilishapukutika zamani. Mahindi yaliyozoea mtambuka ukiyalazimisha yajichavushe yenyewe, kizazi cha pili tu yanakuwa mafupi na dhaifu.

MKULIMA WA UFUTA, NACHINGWEA
Habari za kazi. Nimelima ufuta wa Lindi 02 kwa mbegu ya kununua. Jirani amelima ufuta wake wa zamani na tumepakana. Nataka nijiwekee mbegu ya mwakani, lakini mahindi chotara niliyoyarudia kupanda yaliniangusha. Je, ufuta nao utaniangusha?

Jibu: Hautakuangusha kama mahindi, ila una masharti. Ufuta kwa kawaida hujichavusha wenyewe. Ua hufunguka alfajiri, chavulio hupasuka karibu na saa hiyohiyo, na kufika jioni ua limedondoka. Mbegu zinazotokana na chavua ya nje kwa kawaida hazifiki kumi katika kila mia, ingawa penye nyuki wengi huongezeka, na nyuki wanaupenda sana ufuta. Kwa hiyo Lindi 02, Mtwara 09, Naliendele 92 au Ziada 94 ukiitunza vizuri, unaweza kurudia kuipanda misimu kadhaa kabla ya kununua mpya.

Chagua sehemu ya mbegu katikati ya shamba, angalau mita 50 kutoka mpaka wa jirani, na mita 100 ni bora zaidi. Pita humo mara mbili, mara ya kwanza maua yakiwa yamechanua, mara ya pili maganda yakikomaa. Ng'oa kila mmea usiofanana na wenzake kwa rangi ya ua, kimo, matawi au idadi ya maganda kwenye kikwapa cha jani. Vuna maganda ya chini yanapogeuka manjano, kabla hayajapasuka. Funga matita, yasimamishe juu ya turubai la peke yake na ukung'ute peke yake.

Hilo la turubai tunalisisitiza kwa moyo wote. Ufuta wa kusini huchanganyika zaidi kwenye turubai, kwenye magunia na kwenye mimea iliyojiotea kutoka msimu uliopita kuliko unavyochanganyika kwenye ua. Wakulima wengi humlaumu nyuki kwa kosa lililofanyika siku ya kupepeta.

Sasa mahindi. Hapo mambo ni tofauti kabisa. Mbelewele juu ya bua humwaga chavua, mara nyingi siku mbili au tatu kabla ya nywele za hindi la bua hilohilo kutokeza, na upepo huipeleka kwa jirani. Kwa hiyo karibu punje zote zina baba mwingine. Kila unywele unahudumia punje moja, na usipopata chavua punje haipo. Mapengo unayoyaona kwenye gunzi ni nywele zilizokosa. Chavua ya mahindi huishi saa chache tu, na jua kali linaloambatana na ukame huiua mapema na kuchelewesha nywele. Ukiwa na eneo dogo, panda kwa umbo la mraba lenye mistari minne au zaidi. Mstari mmoja mrefu kandokando ya njia hupoteza chavua yote kwa upepo.

Chotara aliyekuangusha hakuwa mbegu mbovu. Chotara huzaliwa kwa kuvusha chavua kati ya koo mbili za wazazi waliofanywa wajichavushe vizazi vingi mpaka kila ukoo ukawa na sura moja. Nguvu anayoionyesha msimu wa kwanza ni ya mkutano huo. Punje ulizovuna zimechanganya upya vinasaba hivyo, na ndiyo maana shamba la pili lilikuwa na warefu, wafupi, wa mapema na wa kuchelewa. Ukitaka kuweka mbegu ya mahindi, tumia aina zisizo chotara, mfano Staha au TMV-1. Litenge shamba la mbegu mita 200 na mahindi mengine, au pishanisha tarehe za kupanda kwa wiki nne hivi ili maua yasikutane. Chagua mahindi yasiyopungua 100, kutoka mimea mizuri ya katikati. Anayechukua mbegu kwenye mahindi matano makubwa yaliyomvutia anawaozesha ndugu kwa ndugu, na ataona matokeo baada ya misimu miwili.

MAMA MKULIMA, RUANGWA
Na mbaazi je? Nina mbaazi za muda mfupi na za muda mrefu shamba moja.

Jibu: Mbaazi iko katikati, na ndiyo inayowadanganya watu. Chavulio hupasuka ua likiwa bado kitumba, kwa hiyo ungedhani imejimaliza yenyewe. Lakini nyuki wakubwa hulifungua ua na kuleta chavua nyingine, na kwa wastani mbegu moja kati ya tano huwa na baba wa nje. Penye nyuki wengi huzidi hapo. Aina zako mbili zikichanua wakati mmoja zitachanganyika. Zitenge mita 200 au zaidi. Kama huna nafasi, teua mimea kumi mizuri au zaidi, visha matawi yake mifuko ya kitambaa chepesi cha neti kabla vitumba havijafunguka, na uiondoe maganda yakishafungwa. Yatazaa ndani ya mfuko bila nyuki, na hizo ndizo mbegu zako safi. Za nje ya mfuko pika au uza.

MKULIMA WA KOROSHO, TANDAHIMBA
Mikorosho yangu hutoa maua mpaka mti unabadilika rangi, lakini korosho ni za kuhesabu. Jirani ananiambia hakuna nyuki. Niweke mizinga?

Jibu: Mizinga inaweza kusaidia, lakini usianze hapo. Tuulewe mti kwanza.

Kila shada la mkorosho lina maua ya aina mbili. Mengi ni ya kiume tu na hayawezi kuzaa. Machache, tofauti kwa kila mti, yana jinsi mbili na ndiyo pekee yanayoleta korosho. Ua la jinsi mbili lina stameni (vijiti vinavyobeba chavulio) moja ndefu na kadhaa fupi, na mkono wa stigma umechomoza. Liangalie kwa karibu, ukitaka kwa lenzi: ukiona kijivimbe cha kijani chini ya mkono huo, hiyo ni ovari. La kiume halina. Kwa hiyo mti uliojaa maua si lazima uwe umejaa korosho zijazo. Hata yale yaliyochavushwa hayakomai yote; mti huangusha korosho changa nyingi kwa kawaida yake.

Mkorosho unaweza kuzaa kwa chavua yake, lakini umejengwa uelekee mtambuka. Stigma huwa tayari mara ua linapofunguka, wakati chavulio cha ua lilelile hupasuka baadaye. Katika pengo hilo mdudu anayetoka mti wa pili ana nafasi yake. Chavua yenyewe inanata, hivyo upepo haufanyi mengi. Wanaofanya kazi ni nyuki, nzi, nyigu na wadudu wengine wadogo. Korosho zilizopata chavua ya mti mwingine hushika vizuri zaidi kuliko zilizochavushwa na mti wenyewe. Shamba lenye mti wa aina moja tu, uliobebeshwa (kijiti chake kimeunganishwa kwenye mche mwingine) kutoka mama mmoja, linajinyima faida hiyo, kwa kuwa miti yote mia ni mmea mmoja kwa vinasaba. Ukipanda miche ya kubebesha, changanya aina tatu au zaidi zinazochanua wakati mmoja, kwa mistari inayopishana.

Sasa kagua, siku isiyo na mvua, kati ya saa tatu asubuhi na saa sita mchana. Tazama kwanza ungaunga mweupe kwenye mashada. Huo ni ubwiriunga, na ua lililoshikwa nao halifunguki, kwa hiyo hata nyuki elfu hawalisaidii. Kisha tazama vikonyo vya mashada: madoa meusi yaliyobonyea na ncha zilizokauka ni kazi ya mbu wa mikorosho, mdudu anayefyonza utomvu. Tatu, simama kando ya shada moja dakika kumi uhesabu wadudu wanaotua kwenye maua. Nne, tazama mti mzima: mashada huchanua kwenye ncha za matawi yanayopata jua. Mikorosho ya zamani iliyobanana ina maua juu tu, na pembeni hakuna kitu. Nafasi inayoshauriwa ni mita 12 kwa 12, yaani takribani miti 28 kwa eka. Kama yako imegusana, punguza miti kabla ya kununua mzinga wowote.

Vyote vinne vikiwa salama, fanya jaribio hili. Chagua mashada kumi kwenye miti tofauti na uyafunge uzi mwekundu. Kila asubuhi kwa siku saba, chukua ua la kiume lenye stameni ndefu iliyokwisha kupasuka kutoka mti mwingine wa aina nyingine, uiguse stigma ya kila ua la jinsi mbili lililofunguka siku hiyo. Maua mapya ni meupe. Yaliyoanza kuwa mekundu yameshapitwa. Chagua mashada kumi mengine ya jirani, uyafunge uzi mweupe na uyaache. Baada ya wiki tatu hesabu korosho changa. Mashada ya uzi mwekundu yakiwa na nyingi kupita ya uzi mweupe kwa wazi, shida ni chavua, na sasa mizinga ina maana. Yakilingana, tafuta tatizo kwenye maji, magonjwa au kivuli.

Kuhusu dawa, tunasema bila kuzunguka: viuadudu vya mbu wa mikorosho vikipigwa asubuhi wakati maua yamefunguka huwaua walewale wanaokuletea korosho. Vipige jioni, jua likishatua, na mwarifu mwenye mizinga aliye jirani. Salfa ya ubwiriunga haiui nyuki kwa kiwango hicho. Ipulizwe alfajiri kukiwa na umande na hakuna upepo, ndipo unga unashika. Chungu maji moto walioko mtini usiwachome, kwani wanamwinda mbu wa mikorosho bila gharama.

Na jambo la mwisho kwako. Baba wa korosho habadilishi ladha ya bibo. Bibo ni kikonyo cha mama kilichovimba. Ila kokwa unayoiotesha ina wazazi wawili, ndiyo maana miche ya kokwa haifanani na mti uliouchuma.

MSOMAJI WA MIKINDANI
Nina pasheni za njano kwenye uzio. Jirani alinipa vipande sita vya shina kutoka kwake. Maua kila siku, tunda hata moja sijaliona. Pasheni za zambarau za dada yangu zinazaa bila shida.

Jibu: Jibu limo ndani ya barua yako. Vipande sita vya shina moja ni mmea mmoja, na pasheni ya njano huikataa chavua yake. Ya zambarau huikubali, kwa hiyo ya dada yako haina shida hiyo. Tafuta mche mmoja au miwili ya njano kutoka bustani nyingine kabisa, au uoteshe wa mbegu, uipande katikati ya yako.

Wakati ukisubiri, omba maua ya mtu mwingine. Ua la njano hufunguka karibu na saa sita mchana na kujifunga usiku, kwa hiyo fanya kazi kati ya saa saba na saa kumi. Kata ua la mmea wa pili, shika chavulio zake tano na uzipake juu ya stigma zote tatu za ua lako. Ngoja kwanza mikono ya stigma iiname chini. Ikiwa bado imesimama wima, mara nyingi haishiki. Usipake chache, kwa kuwa kila mbegu inahitaji chembe yake ya chavua na kila mbegu ndiyo inayojijengea kifuko cha maji. Tunda lililopata chavua kidogo huwa jepesi na tupu ndani. Mvua ikinyesha muda mfupi baada ya kupaka, rudia kesho kwa maua mapya, kwani chavua ikilowa hupasuka. Nyuki weusi wakubwa wanaotoboa mbao ndio wanaoifanya kazi hii vizuri kuliko wote, hivyo waachie gogo kavu karibu na uzio.

MSOMAJI WA KILWA
Nazi ya kitamli (mnazi mfupi) nikiiotesha, mche hufanana na mama. Ya mnazi mrefu haitabiriki. Kwa nini?

Jibu: Karara ikipasuka, upunga wa mnazi mrefu hutoa kwanza maua ya kiume kwa takribani wiki tatu, na vidaka (maua ya kike) huwa tayari kupokea chavua hayo ya kiume yakishakwisha. Chavua lazima itoke mnazi mwingine, kwa upepo au wadudu. Kwa kitamli vipindi viwili hivyo hupishana kidogo sana na kuingiliana, hivyo hujichavusha chenyewe. Lakini si daima. Ukiotesha nazi za kitamli chekundu kilicho karibu na minazi mirefu, tazama chipukizi kitaluni: la rangi ya chungwa ni kitamli halisi, la kahawia limepata baba mrefu. Litenge lipandwe kwa nazi, si kwa madafu.

MSOMAJI WA LIWALE
Matikiti yangu hayana utamu. Je, ni kwa sababu nimeyapanda jirani na maboga?

Jibu: Hapana. Tikiti na boga ni spishi tofauti na hazizalishani. Hata tikiti likichavushwa na tikiti la aina nyingine, nyama unayokula ni ya mama, haibadiliki. Kinachobadilika ni mbegu, na utakiona msimu ujao. Utamu wako umepotea kwa kuvuna mapema, kwa maji mengi siku za mwisho au kwa majani yaliyougua. Mahindi ndiyo yaliyo tofauti, maana tunachokula ni mbegu yenyewe: hindi jeupe likipata chavua ya hindi la njano, utaziona punje za njano msimu uleule.

Kwa maboga, kama unataka mbegu isiyochanganyika, jioni tafuta maua ya kesho, yale yenye ncha ya njano iliyobana. La kike lina kiboga kidogo chini yake, la kiume lina kikonyo kitupu. Yafunge ncha kwa uzi. Kesho yake kabla ya saa tatu asubuhi fungua la kiume, chana petali zake, uipake chavua kwenye stigma ya la kike pande zote, kisha ulifunge tena la kike ili nyuki asiingie na chavua nyingine. Ukitumia ua la mmea uleule ni uchavushaji binafsi, nao boga linaustahimili. Ukiwa na mimea mitano au zaidi ya aina hiyohiyo, vusha kutoka mmoja kwenda mwingine, kizazi kitabaki na nguvu. Funga kitambaa kwenye kikonyo cha kiboga hicho, na uliache boga shambani mpaka kikonyo kikauke. Likihifadhiwa ndani wiki tatu zaidi kabla ya kupasuliwa, mbegu hujaa vizuri. Ukilipika boga lolote na ukalikuta chungu, litupe lote na usioteshe mbegu zake. Uchungu ule ni sumu na hauondoki kwa kuchemsha.